Mtoto wa Dirishani

Chukua kikopo cha udongo kilichojaa dawa ya viatu. Kifunike kwa karatasi iliyopakwa mafuta, na juu yake uweke karatasi ya buluu. Zungusha uzi, ukaze, kisha shika mkasi ukate karatasi inayoning'inia, karibu kabisa na uzi, mzunguko mzima, mpaka kikopo kipendeze kama kopo la marhamu lililotoka kwa mfamasia. Weka kando. Chukua kingine. Vikishatimia idadi inayotakiwa, rudi ulikoanzia, ubandike kila kimoja lebo.

Hiyo ndiyo kazi aliyoanza kuifanya Charles Dickens, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa Uingereza, mwezi Februari 1824, siku chache baada ya kutimiza miaka 12. Ghala lenyewe lilikuwa la Warren, watengenezaji wa dawa ya viatu, kwenye ngazi za Hungerford jijini London, karibu na ilipo leo stesheni ya treni ya Charing Cross. Lilikuwa jumba bovu lililoegemea mto Thames. Sakafu na ngazi zimeoza, na huko chini panya wakubwa wa kijivu wakikimbizana na kulia mchana kutwa. Mshahara ulikuwa shilingi 6 au 7 kwa wiki. Alipokuja kuandika habari hizo baadaye hakuwa na hakika. Akakisia kwamba huenda zilianza 6 zikapanda kuwa 7.

Mimi nilikutana na David Copperfield, shujaa wa riwaya ya Dickens yenye jina hilo, kabla ya kumjua aliyemtunga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kitabu chenyewe kilikuwa kimenyofoka jalada pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina la mwandishi sikulijua. Nilichojua ni kwamba kuna mtoto wa miaka 10 anaosha chupa katika ghala la mvinyo kando ya mto, kwamba anaona aibu, na kwamba aibu yake naijua. Miaka mingi ikapita. Siku moja nikawa nasoma wasifu wa Dickens ulioandikwa na rafiki yake John Forster, ambamo Forster aliingiza kurasa ambazo Dickens mwenyewe aliziandika kuhusu utoto wake na hakuzichapisha maisha yake yote. Nilipozifikia nikaduwaa. Sentensi nilikuwa nazijua. Nilikwenda kukitafuta kile kitabu changu kilichochakaa, nikaviweka viwili hivyo mezani ubavu kwa ubavu, na mahali pengi maneno yalikuwa yaleyale, moja baada ya jingine, yamebadilishwa jina la mtu au la mtaa tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivisoma pamoja. Watu wakisikia kwamba mhusika fulani ametokana na utoto wa mwandishi huuliza kwanza: ni kiasi gani cha kweli? Kwa David jibu ni jepesi, ni kiasi kikubwa mno. Swali linaloninyima usingizi ni jingine. Mtu huyu alipata nafasi ya kuusimulia utoto wake upya, akiwa mtu mzima mwenye jina kubwa, bila wa kumzuia. Alibadilisha nini? Maana nimekuja kuamini kwamba pale alipobadilisha ndipo palipomuuma.

Nianze na jinsi siri ilivyotoka. Mwaka 1847 Forster alimuuliza rafiki yake, katika mazungumzo ya kawaida tu, kama anamkumbuka mzee mmoja aitwaye Dilke, aliyewahi kufanya kazi na baba yake. Dilke alikuwa amemsimulia Forster kwamba zamani, akiwa na John Dickens, aliwahi kumkuta kijana Charles katika ghala fulani karibu na mtaa wa Strand, akampa shilingi mbili na nusu, na mtoto akainama kwa heshima kubwa kushukuru. Forster anasema Dickens alikaa kimya kwa dakika kadhaa. Akajua amegusa kitu kisichofaa kuguswa. Majuma yakapita, kisha Dickens mwenyewe akamwambia, na baadaye akampa kwa maandishi. Katika maandishi hayo anasema kwamba hadi anaiandika karatasi ile hakuwa amelifunua pazia lile kwa mtu yeyote, hata mke wake.

Miaka zaidi ya ishirini ya kimya. Siri ya mtungi muulize kata, walisema wahenga, lakini hapa hata kata haikuambiwa.

Kabla ya ghala kulikuwa na Chatham, mji wa bandari ya jeshi la wanamaji huko Kent. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani wa malipo ya wanamaji, na kati ya 1817 na 1822 familia iliishi hapo. Hiyo ndiyo miaka ya furaha. Kulikuwa na chumba kidogo ghorofani ambacho hakuna mtu mwingine aliyekijali, chenye vitabu vya baba: Robinson Crusoe, Don Quixote, Tom Jones, Alfu Lela U Lela. Mtoto alivisoma mpaka akawa anatembea mtaani akiwa yeye ndiye shujaa wa kitabu. David naye ana chumba hichohicho na vitabu hivyohivyo. Aya ile ni mojawapo ya zile zilizohamishwa nzimanzima kutoka kwenye karatasi za siri hadi kwenye riwaya, na nadhani haikuhitaji kubadilishwa kwa sababu haikuwa na kidonda.

Familia ikahamia London, madeni yakaja. Vitabu vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa, na aliyevibeba kwenda kuviuza ni Charles mwenyewe. Halafu jamaa mmoja wa familia akajitolea kumtafutia kazi ghalani. Dickens anasema wazazi wake waliridhika kabisa. Wasingeridhika zaidi hata kama angekuwa kijana wa miaka 20 aliyefaulu vizuri anayekwenda Chuo Kikuu cha Cambridge. Haikupita hata nusu mwezi baba akakamatwa kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwokaji mikate, akatiwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea. Mama na watoto wadogo wakahamia humohumo gerezani, kama ilivyoruhusiwa wakati huo. Dada yake Fanny alikuwa anasomea muziki katika chuo cha kifalme na aliendelea kusoma. Charles akapangishiwa mahali, akajitegemea. Asubuhi kazini, jioni kitandani kwa watu baki, Jumapili gerezani.

Siku ya kwanza alipokwenda kumwona baba, walilia sana wote wawili. Baba akamwambia aangalie mfano wake ajifunze: mtu mwenye kipato cha pauni 20 kwa mwaka akitumia pauni 19, shilingi 19 na peni 6, atakuwa na furaha, akizidisha shilingi moja tu upande wa pili, atakuwa mtu wa majonzi. Kwenye wavu wa jiko la moto kulikuwa na matofali mawili, moja kila upande, ili makaa yasiungue mengi. Yote haya yamo ndani ya riwaya. Matofali yamo. Hesabu imo, na leo watu wanaoijua hesabu hiyo ni wengi kuliko wanaojua ilikotoka. Anayeitamka ni Bwana Micawber, mzee wa madeni anayependwa na kila msomaji, anayengojea siku zote kitu fulani kitokee.

Sasa tazama alichofanya. Micawber si baba yake David. Ni mwenye nyumba tu, mtu baki ambaye mtoto amepanga kwake. Ukimpenda, unampenda kwa hiari. Akifungwa, si wewe uliyeachwa. Dickens alimpenda sana baba yake, hilo linaonekana katika kila sentensi aliyomwandikia Micawber, lakini ili aweze kumpenda hivyo kitabuni ilibidi kwanza amwondolee ubaba. Ule upande mwingine wa baba, ule uliotia sahihi mtoto akabandike lebo, akampa mtu mwingine kabisa: baba wa kambo, Murdstone, ambaye msomaji anamchukia kuanzia ukurasa anaoingia. Mtu mmoja akakatwa vipande viwili. Kipande kimoja tukichekee, kingine tukilaani. Nadhani watoto wengi wamewahi kutamani kuwafanyia wazazi wao hivyo.

Naomba nikae kidogo kwenye bia, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Katika karatasi za siri Dickens anasimulia jioni moja alipoingia baa katika mtaa wa Parliament. Lilikuwa tukio la pekee, anasema, pengine siku yake ya kuzaliwa. Akamuuliza mwenye baa: bia yenu iliyo bora, iliyo bora kabisa, bei gani glasi moja? Peni mbili. Basi nimiminie hiyo, tafadhali, na povu lake vizuri. Mwenye baa akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akatabasamu tabasamu la ajabu, akamwita mkewe. Mke akatoka na kushona kwake mkononi, wakasimama watatu wakitazamana, mtoto upande huu wa kaunta. Wakamuuliza jina, umri, anakaa wapi, anafanya kazi gani. Akatunga majibu yanayofaa ili asimchongee mtu. Wakampa bia, ambayo anashuku haikuwa ile kali. Halafu mke wa mwenye baa akafungua kimlango kidogo cha kaunta, akainama, akambusu, busu lenye nusu ya kustaajabu na nusu ya huruma.

Fungua riwaya, sura ya 11. Tukio ni lilelile, karibu neno kwa neno: swali, povu, kushona mkononi, majibu ya kutunga, kimlango. Isipokuwa kwamba safari hii mke wa mwenye baa, kabla ya kumbusu, anamrudishia mtoto pesa zake.

Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Peni mbili na nusu, ndiyo bei ya bia riwayani. Mwanamume wa miaka 37, mwandishi anayesomwa na Uingereza yote, ameketi mezani, anainakili kumbukumbu yake mwenyewe, kalamu inafika pale mwanamke anapoinama, na mkono wake unashindwa kumwacha mtoto aondoke amelipa. Hakuna mchambuzi anayeweza kuniambia kwamba hilo ni pambo. Alikuwa anampa yule mtoto kitu.

Kuna kitu kingine, hiki hakikwenda kwa David, na ni kigumu kwangu. Aliyemfundisha Charles kufunga uzi siku ile ya kwanza alikuwa mvulana aitwaye Bob Fagin, yatima aliyeishi na shemeji yake. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya ubavu kazini. Bob akamtandikia nyasi kavu mahali pake pa kazi, akajaza maji ya moto katika chupa tupu za dawa ya viatu, akawa anamkanda nazo mfululizo, moja ikipoa analeta nyingine, nusu ya siku nzima. Jioni Charles akapata nafuu, lakini Bob, aliyekuwa mkubwa kwa umbo na umri, hakukubali aende nyumbani peke yake. Na Charles hakutaka Bob ajue habari za gerezani. Wakatembea. Kila akijaribu kumuaga, Bob anakataa. Mwishowe, karibu na daraja la Southwark, akapanda ngazi za nyumba asiyoijua, akamshika Bob mkono kumuaga, akajifanya hapo ndipo kwao. Na kwa kuwa Bob angeweza kugeuka kutazama, akabisha hodi kweli. Mwanamke alipofungua, akamuuliza: samahani, hapa ndipo anapokaa Bwana Robert Fagin?

Miaka kadhaa baadaye alichukua jina hilo akampa mzee anayewafunza watoto wizi katika Oliver Twist. Anasema tu kwamba alijiruhusu kulitumia.

Nimemkasirikia Dickens kwa hilo kwa muda mrefu, na sijui kama nimemaliza. Lakini nadhani naelewa. Wafanyakazi wa ghalani walimwita bwana mdogo, na jina hilo alilishikilia kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Alikuwa na hakika moyoni kwamba yeye si wa pale. Waliomdharau hawakuweza kuitikisa hakika hiyo. Aliyeweza ni yule aliyemkanda ubavu na kutaka kumfikisha kwao, kwa sababu kuukubali wema wa Bob ni kukubali kwamba yeye na Bob wako mahali pamoja, chini ya dari moja, na kesho wataamka wafunge uzi tena. Alichoogopa ni kwamba angeweza kuzoea. Katika riwaya David ana wenzake wawili ghalani, Mick Walker na mwingine anayeitwa Mealy Potatoes. Hakuna hata mmoja anayemkanda ubavu. Bob ameondolewa, na nafasi yake kuna vijana ambao unaweza kuwaacha bila deni.

Sasa nifike kwa mama.

Ghala lilihamia mtaa wa Chandos, huko Covent Garden. Charles na Bob walikuwa wamekuwa hodari mno wa kufunga vikopo, na kwa ajili ya mwanga waliwekwa karibu na dirisha la barabarani. Mikono yao ilikwenda kasi hata wapita njia wakawa wanasimama kuwatazama, wakati mwingine kundi zima. Siku moja, kazi imepamba moto, Charles akamwona baba yake anaingia mlangoni. Wakati huo alikuwa ameshatoka gerezani. Dickens anaandika kwamba alijiuliza baba anawezaje kuvumilia kuona vile.

Mwishowe baba, kwa barua, akagombana na yule jamaa aliyemtafutia mtoto kazi, na sababu kwa sehemu ilikuwa ni Charles. Mtoto akarudishwa nyumbani. Mama hakupenda ugomvi ule. Kesho yake akaenda kusuluhisha, na akarudi na habari njema: Charles anakaribishwa kazini tena. Baba akasema hapana, hatarudi, atakwenda shule. Na hapo ndipo lilipo lile fungu la maneno ambalo Dickens alilipigilia kama msumari. Anasema haandiki kwa hasira, maana anajua mambo yale yote ndiyo yaliyomfanya awe alivyo. Lakini hakuwahi kusahau, hatasahau, hawezi kusahau, kwamba mama yake alitaka sana arudishwe.

Tafuta tukio hilo katika riwaya. Halimo. Haliwezi kuwemo, kwa sababu mama yake David, Clara, amekufa kabla David hajafika ghalani. Alikufa mdogo, mzuri, dhaifu, akimpenda mwanawe. David anasema mama aliyelala kaburini ni mama wa utoto wake wa kwanza, na kitoto kilicho mikononi mwake ni yeye mwenyewe. Mama wa kweli, Elizabeth Dickens, alikuwa hai Dickens alipoandika hayo. Alifariki mwaka 1863.

Wapo wanaosema alimuua mama yake kwa kalamu. Sikubaliani nao. Nadhani alimwondoa kwenye chumba kabla ya lile neno kusemwa.

Nasema hivyo kwa sababu nimefanya hivyohivyo. Nikiwa na miaka tisa nilipelekwa kuishi kwa ndugu fulani, nikaambiwa ni wiki chache. Zikawa mwaka na nusu. Sikupigwa wala sikunyimwa chakula. Sina kisa cha kumtoa mtu machozi. Nilichonacho ni begi langu ambalo kwa miezi mitatu ya kwanza sikulifungua, kwa sababu kulifungua ni kukubali nimefika. Kila asubuhi nilitoa nguo moja, nikaivaa, nikafunga zipu. Nimejaribu kukiandika kisa hicho kama hadithi mara tatu. Rasimu ya tatu mama yangu aliikuta mezani akaisoma yote, pole pole, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza akavua miwani akaniuliza, "Mama yake huyu mtoto yuko wapi?"

Nikasema, "Amefariki, mama. Mwanzoni kabisa."

Akanyamaza, akawa anafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Alikufa mapema, mwanangu," akasema. Hakusema zaidi, na mimi sikuweza.

Dickens naye aliandika tawasifu kwanza, kwa jina lake, na akaiacha njiani. Kisha, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850, akaitoa kwa sehemu za kila mwezi ikiwa riwaya yenye msimulizi anayesema "mimi", jambo ambalo hakuwa amelifanya toka mwanzo hadi mwisho katika riwaya yoyote kabla ya hapo. Forster alipomwonyesha kwamba herufi za mwanzo za jina la David Copperfield ni zake mwenyewe zilizogeuzwa, alishtuka, hakuwa amegundua. Kwa Charles Dickens mwenyewe maumivu hayakuwa na mlango. Anasimulia kwamba kwa miaka mingi akikaribia duka la dawa ya viatu la Strand alivuka barabara kukwepa harufu ya gundi ya vizibo. Anasema njia ile ya zamani ya kurudi nyumbani iliendelea kumtoa machozi hata baada ya mtoto wake wa kwanza kujua kusema. Kwa David mlango upo. Mwaka 1867, katika dibaji mpya, alikiri kwamba kama wazazi wengi anaye moyoni mtoto ampendaye kuliko wote, na jina lake ni David Copperfield. Tunaichukua kauli hiyo kama mzaha mtamu wa mwandishi na vitabu vyake. Mimi naichukua kama ilivyo. Alimpenda kama mzazi anavyompenda mtoto ambaye safari hii atamlinda.

Kwa maana badiliko kubwa kuliko yote ni hili: David anatoroka. Charles hakutoroka, hakuwa na pa kutorokea, kila aliyempenda alikuwa upande ule ule uliompeleka. David anakumbuka kwamba ana shangazi huko Dover. Hasa ni shangazi wa marehemu baba yake, anaitwa Betsey Trotwood, na siku David alipozaliwa alikasirika akaondoka kwa sababu mtoto hakuwa wa kike. Mtoto anafunga safari na pesa ya kukopa. Kabla hajatoka London kijana mwenye mkokoteni wa punda anamwibia sanduku na pesa. Anatembea. Anauza kizibao, anauza koti. Usiku wa pili analala kwenye nyasi karibu na mzinga, mlinzi akipita huku na huku, na mji anaolala ni Chatham. Dickens angeweza kumpitisha njia bila kuutaja. Akamlaza palepale, mtoto mchafu mwenye njaa, katika mji ambao mtoto mwingine aliwahi kuwa na chumba cha vitabu.

Siku ya sita anafika. Miss Betsey anatoka bustanini na kisu cha kupalilia, anamwambia aende zake, hapa hatutaki wavulana. Mtoto anamgusa kwa kidole. Samahani, shangazi, mimi ni mpwa wako. Miss Betsey anakaa chini pale pale njiani, kwenye udongo. Kisha anamuuliza Bwana Dick, yule mzee mwenye akili za kitoto anayeishi naye, tumfanyeje huyu? Bwana Dick anafikiri, anamtazama mtoto, linamjia: mimi ningemwogesha.

Wanamwogesha. Nguo zake hazifai, kwa hiyo wanamvisha shati na suruali ya Bwana Dick, wanamviringisha mashali mawili matatu, wanamlaza kwenye sofa. Anasinzia. Na David anasema pengine ilikuwa ndoto tu, lakini aliamka akihisi kwamba shangazi alikuja, akamwinamia, akamwondolea nywele usoni, akamweka kichwa vizuri zaidi, kisha akasimama akimtazama.